Sanduku la Ghana kwa watoto: uzoefu wetu wa likizo ya Agosti

Wanangu wana miaka 9 na 6. Ulaya wanaijua kwa sababu ya mpira, lakini Afrika Magharibi kwao ilikuwa filamu za Nigeria basi. Ndiyo maana likizo ya Agosti nikawaagizia sanduku la kufundishia watoto habari za Ghana. Limenigharimu shilingi 4,800 pamoja na kuletewa Mombasa. Ndani mna ubao wa oware (mchezo wa mashimo na kete, jamaa ya bao), mihuri ya sponji ya adinkra, yaani alama za Ghana zenye maana, na wino wake, kipande cha kente (kitambaa cha kufumwa cha Ghana), ramani, kadi za majina, na kijitabu cha Kiingereza ambacho nilikuwa nawasomea kwa Kiswahili.

Oware ndiyo iliyolipa pesa yangu. Nilipomwaga kete mezani binti yangu aliuliza, "Mama, hizi si komwe za babu?" Kweli, ni zile zile mbegu za kijivu za mkomwe. Mchezo una mashimo 12, kila shimo kete 4, jumla 48. Zetu zilikuwa 44. Nilimwandikia muuzaji na mpaka leo hajanijibu, jambo lililoniudhi, kwani bila kete kamili mchezo hauendi. Tukaenda kwa babu yao, akatutolea 4 kwenye mfuko wake wa bao, kisha akavuta kiti akakaa.

Babu amecheza bao tangu ujana wake, lile la mashimo 32 na kete 64, na ule ubao wa safu mbili aliuona wa kujifunzia. Mchezo wa tatu mjukuu wake akamfunga. Katika oware unakula pale kete yako ya mwisho inapoingia shimo la mwenzio na kulifanya liwe na 2 au 3, na ulizokula unaziweka kando. Hazirudi ubaoni kama katika bao. Mwenye kufikisha 25 ameshinda. Kuna kanuni moja niliyoipenda mno: mwenzio akiishiwa kete upande wake, huruhusiwi kumwacha hivyo ikiwa una namna ya kumfikishia. Lazima umlishe. Mdogo wao, ambaye kawaida hapendi kugawa chochote, aliishika kanuni hiyo kabla ya nyingine zote.

Kadi za majina nazo hazikuhitaji maelezo mengi. Waakani, watu wa kusini mwa Ghana, humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, na nyumba yenye Juma, Hamisi na Mwanajuma inalielewa hilo mara moja. Babu yao ni Juma kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, basi akawa Kofi. Binti yangu ni wa Jumamosi, akawa Ama. Mdogo wake ni wa Jumatano, yaani Kwaku, jina la Kwaku Ananse, buibui mjanja wa ngano zao. Siku nzima hakuitika jina lingine. Niliposoma habari za Kwame Nkrumah, kiongozi wa kwanza wa Ghana, na uhuru wa tarehe 6 Machi 1957, binti akaruka: "Kwame ni Jumamosi! Angekuwa msichana angeitwa kama mimi."

Kente ilinivunja moyo. Walichotia ni nailoni iliyochapishwa michoro. Kente hufumwa vipande vyembamba virefu, kisha vikaunganishwa kwa kushonwa, na mji wa Bonwire karibu na Kumasi unajulikana kwa kazi hiyo. Afadhali wangetia utepe mmoja mdogo uliofumwa, mtoto akaupapasa uzi kwa kidole. Mihuri ilikuwa nafuu. Tuligonga shuka jeupe kuukuu likajaa Sankofa, ndege aliyegeuza shingo nyuma, maana yake rudi ukachukue. Kila alama ina jina na neno lake, nikawaonyesha leso zangu na maandishi yake, wakaelewa.

Kijitabu kinahitaji kuandikwa upya. Elmina imetajwa kama ngome nzuri ya kale ufukweni, basi. Wareno waliijenga mwaka 1482, na watu walifungiwa humo kabla ya kupakiwa melini kwenda utumwani. Watoto wangu wamepita Fort Jesus mara nyingi, hawashindwi kusikia hayo kwa maneno ya umri wao. Niliwaeleza mwenyewe. Tena Ghana ya sanduku hili inaishia kwa Waashanti, ambao ni Waakani wa Kumasi: hakuna Waewe, ambao nao ni wafumaji wa kente, wala Wadagomba wa kaskazini, wala msikiti wa udongo wa Larabanga, ambao watoto wa Pwani wangeutazama kwa hamu.

Kwa mtoto wa miaka 7 na kuendelea ningelinunua tena, ila hesabu kete siku hiyo hiyo linapofika. Aliye chini ya hapo atafurahia mihuri tu.

Ubao hauko kwangu tena. Uko barazani kwa Babu Kofi, na Ijumaa baada ya sala wazee wenzake hupanga foleni nyuma ya Ama.