TAHADHARI: Turbo za "orijino" zenye kava la kweli na katriji feki

Ndugu zangu wenye Prado, Hilux na Hiace za dizeli, na nyie mafundi wenzangu wa mikoani mnaoagiza spea Dar kwa simu: kuna muuzaji anayetuma turbo kwa basi kutoka Kariakoo akiziita orijino za Japani. Si kweli. Kilicho orijino ni kava la nje tu. Kurasa zake za mtandaoni anazibadilisha majina kila zikilalamikiwa, kwa hiyo kumtaja hakutawasaidia. Ujueni mchezo wenyewe, maana hayuko peke yake.

Turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, ina sehemu tatu kubwa. Upande wa ekzosi kuna kava zito la chuma. Katikati ipo katriji, yaani shafti, beringi zake na njia za oili. Upande wa hewa safi ndiko liliko kava la kompresa, la alumini, lililojiviringa kama konokono na kuizunguka feni. Kwenye turbo nyingi kibati cha namba kimepigwa ribiti kwenye kava hilo la alumini, na kava lenyewe linatoka kirahisi sana: bolti chache, au klipu moja ya duara. Wizi unaanzia hapo. Wanachukua kava la turbo halali iliyokwisha kufa, wanalipuliza mchanga mpaka ling'ae, wanalifunga juu ya katriji ya bei chee isiyo na jina, kisha nailoni na boksi jipya. Ukiomba picha ya namba unatumiwa kibati halisi. Ukiitafuta namba, inakubali kabisa kwamba ni ya injini yako. Unalipa.

Mteja wangu hapa Mbeya, mwenye Prado ya injini ya 1KZ, aliletewa moja. Alituma kwa simu zaidi ya laki saba, risiti hakupewa. Gari lilipiga mluzi mkali tangu siku ya kwanza, likawa zito kupanda Iwambi, likitoa moshi mweusi. Baadaye moshi ukageuka wa bluu, ndipo likaletwa gereji. Nilipolitoa kava nilikuta limepakwa silikoni nyekundu mahali pa oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia uvujaji. Ndani lilikuwa limesuguliwa kwa msasa kuficha mikwaruzo ya feni ya zamani, na feni iliyokuwemo ilikuwa ndogo mno kwa kava hilo.

Jambo hili lina uzito wake. Feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na nafasi kati ya ncha zake na kava ni sehemu ndogo ya milimita. Kava na feni huchongwa kwa kufuatana. Nafasi ikizidi, hewa inarudi nyuma, presha haijengeki, dizeli inaungua vibaya na joto la ekzosi linapanda. Ikipungua, feni inagusa kava. Mkononi itazunguka vizuri tu, lakini ikipata moto na mzigo itakwaruza. Vipande vya alumini vikikatika vinafuata njia ya hewa kuelekea kwenye injini. Na sili za kuzuia oili zikiisha, injini ya dizeli inaweza kuanza kula oili yake yenyewe na kupanda mzunguko hata ukizima swichi. Hilo linaua injini nzima, na mtu aliye karibu anaweza kuumia.

Muuzaji alipopigiwa simu alijibu haraka: "Fundi wako hakujaza oili kabla ya kuwasha." Ni kweli turbo nyingi hufa kwa kukosa oili. Lakini kukosa oili huacha alama: shafti huungua na kugeuka rangi ya bluu pale inapokaa kwenye beringi. Hii shafti ilikuwa nyeupe safi. Tulimtumia picha. Akazuia namba ya mteja.

Niseme pia, kubadilisha kava la kompresa si dhambi. Kava likipasuka au bomba lake likiliwa, fundi mwaminifu hutafuta lingine la namba ileile, hukagua kama feni inalingana nalo, huweka oringi mpya, na hukuambia wazi alichofanya. Kinachonikera ni kuvisha mzoga nguo ya mtu mwingine na kuuita mpya.

Kabla ya kulipa, omba video, picha haitoshi. Kava likiwa linang'aa huku bolti zake zina makovu ya spana, uliza kwa nini limefunguliwa. Mwambie aingize taa mdomoni mwa kava uone ukuta wa ndani: mistari ya msasa inaonekana. Angalia nati ya feni au feni yenyewe kama ina alama ndogo za kuchongwa za balansi. Ikiwa laini kote, kuwa na shaka. Ukiishika shafti, ikicheza kidogo sana pembeni ni kawaida, kwa sababu ikifanya kazi hukaa juu ya utando wa oili, lakini ikisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisika kwa vidole, irudishe. Tazama pia mdomo wa kutolea hewa na kile kikopo chenye fimbo kinachodhibiti presha. Mara nyingi kikopo hushikwa na kava, kwa hiyo kava likigeuzwa vibaya, mdomo unaangalia kwingine na fimbo inakaa kwa kulazimishwa.

Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Anayekataa kuitoa kwa bidhaa ya laki saba ameshakujibu. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Bila risiti na bila jina la duka utawapa kazi ngumu.

Kama umeshaipokea, usiwashe gari kwanza. Vua bomba la hewa, mulika ndani, piga picha kabla fundi hajagusa bolti hata moja, na usifute meseji wala muamala wa malipo. Katriji itunze ilivyo, na silikoni yake.