Miezi 18 ya Kutuma Keki kwa Pikipiki za Umeme

Naoka keki nyumbani kwangu Umoja, Innercore, hapa Nairobi, na wateja wangu wengi wako mbali: Kilimani, Upper Hill, South B, wachache Westlands. Kuoka nimezoea. Keki hunitia wasiwasi ikishatoka mlangoni. Kama umewahi kutumiwa picha ya boksi la kilo mbili ambamo maua yote ya krimu yamegandamana upande mmoja, unanielewa.

Kwa miaka minne nilituma kwa bodaboda wa steji ya hapa. Ni vijana wazuri, wananijua, sina ugomvi nao. Lakini pikipiki ya petroli hutetemeka hata ikiwa imesimama, na kila gia inapobadilishwa keki nayo inashtuka. Halafu kuna harufu. Mteja mmoja wa Upper Hill aliniambia kwa upole kwamba keki ni tamu ila boksi linanuka petroli. Maneno hayo yalininyima usingizi. Kisha Septemba 2023 petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita, na kufikisha keki Kilimani kukapanda kutoka 450 hadi 600. Hapo nikaanza kuulizia njia nyingine.

Tangu Machi 2024 natumia kampuni moja ya kusambaza mizigo midogo ambayo pikipiki zake zote ni za umeme. Jina nitampa atakayeniuliza pembeni. Hapa naeleza nilichokiona, kizuri na kibaya, kwa sababu kitakufaa hata ukienda kwa washindani wao.

Jiko langu liko chini kabisa, na dirisha linatazama pale pikipiki zinapoegeshwa. Zamani dereva akifika nilikimbilia kufunga dirisha, maana angeacha injini ikinguruma huku namalizia kufunga utepe, na moshi wote ungeingia ndani. Sasa dirisha liko wazi mchana kutwa. Siku ya kwanza hata sikujua kijana amefika. Nilimkuta getini amesubiri dakika kumi. "Mama Keki, nimepiga honi mara mbili," akaniambia. Ukimya huo una hatari yake: watoto wetu hucheza barabarani, na wamezoea kumkwepa boda kwa masikio. Madereva wakiingia mtaani huenda polepole wakipiga honi kila kona, na nimewaomba wasiache.

Keki inasafiri vizuri, na kwangu hilo ndilo kubwa. Hakuna gia wala mtetemo wa injini. Keki ya krimu ya kilo mbili inafika Kilimani ikiwa na maua yake yote, hata baada ya matuta ya Jogoo Road. Lakini mtazame anayeendesha. Mota ya umeme hutoa nguvu yake papo hapo, kwa hiyo dereva mgeni akizungusha mkono kwa pupa, boksi linarudi nyuma kwa kishindo. Hivyo ndivyo nilivyopoteza red velvet ya ghorofa mbili iliyokuwa inakwenda ruracio (sherehe ya mahari) Lang'ata. Nilioka nyingine ndogo usiku uleule nikaipeleka mwenyewe kwa teksi, nikiomba msamaha mbele ya wazee. Kampuni ilinirudishia nusu ya bei baada ya siku tisa za kupigiana simu. Kwa hilo bado nina kinyongo. Tangu hapo namwomba dereva aweke mwendo ule wa chini wa kubana chaji, na sijaharibikiwa tena.

Bei ya Kilimani ni 380. Nilimuuliza dereva wangu wa kila siku inawezekanaje. Pikipiki ni yake, anailipa kwa mkopo, ila betri si yake. Ikiisha anaingia kituoni, anaichomoa, anawekewa iliyojaa na kuondoka baada ya dakika chache, akilipia chaji peke yake. (Nilijaribu kuinua betri moja kwa mkono mmoja. Haikuinuka.) Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme na mafuta, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, nayo hushuka hadi nusu saa ambazo watu wengi wamelala. Betri ikichajiwa usiku, gharama inapungua kwa kila mtu hadi kwangu mimi.

Kuna wanaoniambia kwamba moshi umehamishwa tu kutoka barabarani hadi mahali umeme unapotengenezwa. Hapa Kenya hoja hiyo haina nguvu. Nilipowapeleka watoto wa kanisani Hell's Gate tuliyaona mabomba ya Olkaria yamebeba mvuke unaotoka chini ya ardhi. Ukiongeza mabwawa ya mto Tana na upepo wa kule Marsabit, sehemu kubwa sana ya stima yetu haichomi mafuta. Mimi naishi karibu na Outer Ring Road na najua vumbi jeusi ninalofuta dirishani. Pikipiki moja isiyotoa moshi ni kitu kidogo, lakini zinazokuja kwangu ni sita au saba kila Ijumaa.

Udhaifu wao mkubwa ni vituo. Karibu na mjini na Industrial Area madereva hawahangaiki. Upande wetu wa Eastlands ni shida. Dereva akifika kwangu chaji imeshuka, atapitia kituoni na keki yangu mgongoni, akikuta foleni krimu inaanza kulegea kwenye jua. Kuna siku keki ya Westlands ilichelewa saa nzima kwa sababu hiyo, na niliyepigiwa simu ni mimi. Pia kuna ile Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024, stima ilipopotea sehemu kubwa ya nchi asubuhi. Oveni yangu ni ya gesi, kwa hiyo keki tano zilikuwa tayari. Tatu zilikwenda na betri zilizokuwa zimejazwa usiku. Mbili nilirudi kuzituma kwa vijana wa steji, nao hawakunilaumu kwamba nilikuwa nimewaacha.

Kwa hiyo ukianza kutumia huduma hizi, uliza chaji kabla ya kukabidhi boksi. Mimi sikabidhi keki ya Westlands chini ya asilimia 50, na dereva wangu sasa ananitumia picha ya dashibodi kabla hajafika getini. Omba dereva mmoja aliyeizoea kazi yako. Keki za harusi bado nazipeleka kwa gari.

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaiongeza siku watakapofungua kituo upande huu wa Outer Ring.