Eti gari kula oili ni kawaida!

Gari yenyewe ningeisifu. Petroli inatumia kidogo, kiyoyozi kinaliweza joto la Tanga, mlima wa Lushoto inaupanda bila kuhema. Kilichoniudhi ni oili, na kuliko oili ni yule bwana wa mapokezi kwenye gereji moja kubwa hapa mjini.

Inakula oili jamani. Haivuji, maana nimetandika boksi chini usiku kucha na asubuhi halina hata tone. Lakini ukipitisha siku kadhaa bila kuangalia, stiki ya kupimia oili inatoka na oili kwenye ncha tu, nyeusi tii, inanuka kuungua. Asubuhi ukiwasha, moshi wa bluu unatoka kwenye eksozi, kisha unapotea kama hakuna kitu.

Nikaenda pale kwa sababu wana vigae, wana kompyuta, wana viti vya kusubiria. Nikalipa hela ya uchunguzi kwanza. Shemeji yangu alinisindikiza tu, lakini yule bwana akaamua mwenye gari ni yeye. Nauliza mimi, anajibiwa shemeji. "Kaka, mwambie mama injini za siku hizi zote zinakula oili. Kitabu kinaruhusu mpaka lita moja kwa kilomita elfu moja. Aongeze tu." Boneti hakufungua! Stiki hakuichomoa! Hela yangu ilichunguza nini?

Ni kweli wapo watengenezaji wanaoandika kiwango hicho. Haya, Tanga na Dar kwenda na kurudi ni kama kilomita 700. Kwa hiyo kila nikienda kumwona mwanangu nibebe oili kwenye buti? Na mbona hakuniambia kuwa ile taa nyekundu ya oili haingoji oili ipungue, inangoja presha ishuke? Ikikuwakia njiani pale Segera, ujue vyuma huenda vimeshaanza kusagana. Kumwambia mtu "aongeze tu" ukanyamaza hapo ni kumwachia injini ife.

Na kawaida gani hiyo? Marekani, Toyota walirefusha dhamana kwa injini yao ya 2AZ-FE na kubadilisha pistoni na ringi, zile pete zinazoizunguka. Subaru walipelekwa mahakamani kwa jambo hilihili, na mwaka 2016 wakakubali kurefusha dhamana. Yangu si ya kampuni hizo, ila ugonjwa ni huo huo. Kitu cha kawaida hakilipiwi dhamana.

Aliyenisaidia ni kijana wa Ngamiani, gereji yake ni turubai na mwarobaini. "Shikamoo mama, sogea uone mwenyewe." Akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, akafungua injini, akanipa pistoni mkononi. Ringi ya chini, ile ya kukwangua oili kwenye silinda, ilikuwa nyembamba na imeganda kwenye mfereji wake kwa masizi. Vitundu vya nyuma yake, vinavyorudisha oili chini, alivichokonoa kwa waya, vikatoa uji mweusi. Akanieleza kuwa siku hizi ringi zinawekwa zisizobana sana silinda ili zisisugue sana, petroli ipungue. Lakini vitundu vikiwa vidogo na oili ikicheleweshwa kumwagwa, masizi yanaziba, ringi inakwama, oili inapanda juu kuungua na petroli. Akasafisha, akaweka ringi mpya na sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isipenye kwenye valvu. Haikuwa rahisi, ila kila shilingi niliiona imekwenda wapi.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia msinunue kabisa gari za aina hii. Sasa sisemi hivyo. Stiki inakaa palepale kwenye alama ya juu, na gari siiuzi. Nunueni, ila mwageni oili mapema na mchomoe stiki kila wiki.

Ile gereji ya vigae, hapana, hata wakifanya bure! Au tuseme, nitakwenda mara moja tu, na zile ringi kuukuu kwenye mfuko, nizimwage juu ya meza yake anirudishie hela yangu ya uchunguzi. Na safari hii atazungumza na mimi.