Jiwe la kunolea visu: kabla ya kuuliza bei, toa rula

Miezi minne nililaumu mikono yangu. Kila Jumamosi nanoa, kila Jumatatu nakata mchicha unatoka umeshikana kama shanga. Nikinyanyua jani moja linakuja na wenzake kumi. Kisu kikali kwenye ncha, kikali katikati, lakini kule karibu na mpini, pale tunapokandamizia kitunguu, pana bonde. Ukikisimamisha kwenye ubao wa kukatia ukainama kutazama, mwanga wa dirishani unapita chini yake.

Kisha shemeji akaja na kolekole wawili na kisu chake cha minofu, kile chembamba kinachopinda kama ukuti. Nikajitia ujuzi, nikamwambia kaa nikunolee. Nilipomrudishia alikitazama kisu, akanitazama mimi, akaanza kuparua magamba bila kusema neno. Afadhali angenitukana. Usiku nilichukua rula ya chuma, nikaisimamisha kwa ubavu juu ya jiwe langu, nikamulika tochi ya simu kutoka nyuma. Katikati mwanga ulikuwa mpana kama ukucha wangu wa kidole kidogo.

Kesho yake nikarudi dukani Kariakoo na rula yangu mkobani. Nikaomba jiwe jipya la aina ile ile, lile la maandishi ya dhahabu "3000/8000", namba moja kwa kila upande. Lilikuwa jipya, na ndani ya boksi lake lilikuwa limeshabonyea.

Kwa hiyo mwongozo huu una jambo moja, na wanaotaka kusoma kuhusu rangi ya kibao cha mianzi kinachokuja na jiwe watafute kwingine. Namba nitazimaliza hapa hapa: namba ikiwa ndogo jiwe linakwangua zaidi, ikiwa kubwa linalainisha. Kwa kisu cha jikoni namba 1000 au inayokaribiana nayo inatosha kabisa. Kisu kilichopigwa butu hasa au chenye pengo kinahitaji kwanza upande wenye namba ndogo, unaokwangua zaidi. Hiyo 8000 ni ya watu wanaojitazama kwenye kisu kama kioo cha kabati.

Swali ambalo hakuna anayeuliza ni hili: je, jiwe limenyooka?

Jiwe likibonyea katikati, kingo zake zinabaki juu. Ukianza kunoa, ukingo unauma bapa la kisu mahali pale pale kila mara, kwa kawaida karibu na mpini, ambako mkono huanzia. Baada ya wiki chache pana bonde. Halafu kuna pembe. Unajitahidi kushika kisu kwenye nyuzi 15 hadi 20, mkono umetulia kabisa, kumbe jiwe lenyewe linapanda na kushuka chini yako. Kisu kinene cha nyama kinavumilia. Kisu cha samaki ni balaa zaidi, kwa sababu kinapinda na kulifuata bonde, kinatoka na makali mviringo ambayo yanateleza juu ya ngozi ya changu badala ya kuingia.

Sasa nianze na jiwe ninalolipenda, na sifichi: Norton India, jiwe la mafuta, lile la pande mbili la inchi 8 kwa 2, unene inchi 1. Langu niliagiza kwa binamu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Nililipima kwa rula kabla hata sijamwuliza habari za safari, na nilikuta uzi mwembamba tu wa mwanga pembeni. Ni gumu. Halibonyei upesi kama mawe laini ya maji, yale yanayonolewa kwa maji badala ya mafuta, na hilo ndilo ninalolipia. Kiwandani hujazwa mafuta, kwa hiyo halinywi ovyo. Unatia matone machache ya mafuta ya cherehani, unanoa, unafuta kwa kitambaa, kisha unaosha kisu kwa sabuni. Tafadhali, msitie mafuta ya kupikia. Yanaganda humo kama utomvu na jiwe linateleza halikwangui kitu. Upande laini hautakupa makali ya kunyolea ndevu, lakini nyanya iliyoiva inakatika kwa uzito wa kisu chenyewe, na kisu cha shemeji kimerudi kuteleza juu ya miiba ya nguru. Kasoro yake ni ule ugumu wenyewe: ukiuziwa lililopinda, kulinyoosha ni kazi ya wiki, msasa utaisha kabla ya jiwe. Ndiyo maana nasema rula kwanza, fedha baadaye.

La pili ni Shapton Kuromaku namba 1000, la Japani, lenye rangi ya chungwa. Unalinyunyizia maji tu, hakuna kuloweka, na boksi lake la plastiki ndilo kitako chake. Nalo ni gumu, linakaa sawa muda mrefu, na kwa kasi linalipita Norton. Lakini ni namba moja tu, kwa hiyo kisu kikiharibika sana utahitaji jiwe la pili, na bei inakuwa ya mahari.

Bamba la almasi la kampuni ya DMT ningeliweka juu zaidi kama ningekuwa tajiri. Ni chuma kilichopakwa chembe za almasi, kwa hiyo halibonyei katu. Wengine hulinunua kwa ajili ya kunyooshea mawe mengine. Chukua lenye uso mzima usio na vitundu. Lile la vitundu hunasa ncha ya kisu cha samaki. Na usikandamize, chembe zinang'oka.

Jiwe la maji la King 1000/6000 linasifiwa kila mahali, na kulinolea ni raha kweli, linatoa tope laini kama ubuyu uliokolea maji. Unaliloweka dakika tano hadi kumi. Ila ni laini mno, linabonyea huku unalitazama. Ukilinunua, nunua na msasa wa maji namba 120 na kipande cha kioo kinene kutoka kwa fundi wa madirisha. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, weka msasa juu ya kioo, mwagia maji, sugua mpaka mistari yote ifutike. Isipofutika katikati, hapo ndipo bonde lilipo. Fanya hivyo kila baada ya kunoa mara kadhaa. Mimi sina subira hiyo.

Yale mawe ya kijivu ya maduka ya vifaa vya ujenzi? Yanafaa panga na jembe. Kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipong'arishwa, kinanoa vizuri kuliko hayo, na unacho tayari. Vile vifaa vya kuvutia kisu katikati ya magurudumu mawili vinang'oa chuma; sivihesabu.

Fundi anayepita mtaani akinoa kwa baiskeli simchukii, ila mwambie asikandamize. Makali yakigeuka rangi ya bluu, chuma kimeungua na hakitashika tena.

Na wauzaji, jamani. Nani aliwafundisha "ukifungua umenunua"? Jiwe ni kitu cha kutazamwa uso wake, tena uso mtupu. Nilipotoa rula yule kijana akacheka: "Dada, jiwe ni jiwe." Nikamwonyesha mwanga. Akasema ni kivuli. Nikaligeuza, mwanga ule ule. Akasema basi bei itashuka, kana kwamba bonde ni punguzo. Na lile jiwe langu la kwanza, jirani yangu alilipia la aina hiyo hiyo shilingi 15,000 wiki ile ile niliyonunua mimi, mimi 45,000, kwa kuwa mimi niliuliza kama linatoka Japani na yeye hakuuliza. Hilo ndilo kosa langu la pili, baada ya kununua bila rula: ukilitaja jina la nchi, muuzaji analiweka kwenye bei.

Mlioniuliza kuhusu kisu cha mkate chenye meno: hakuna hata moja kati ya haya litakalokifaa. Kinataka fimbo nyembamba ya mviringo, jino moja baada ya jingine, upande mmoja tu. Changu kina miaka sita sijakigusa, na bado kinakata.