Tulimlipa mthamini kwa kiwanja kitupu cha Mambrui

Kwa wanaouliza kama kuna haja ya kumlipa mthamini kwa ardhi isiyo na hata banda: ipo, ila msimamieni.

Kwetu ilikuwa mirathi. Baba ameacha kiwanja Mambrui, kaskazini ya Malindi, ndani kidogo ya barabara ya Garsen. Kwa sheria ya Kiislamu mafungu hayana ubishi: mama thumuni yake, yaani moja ya nane, kinachobaki mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Kaka mkubwa akataka abaki na kiwanja, atulipe sisi wengine. Bei ndiyo iliyozusha maneno. Dalali alisimama kwenye kivuli cha mwarobaini, akatupa macho huku na huku, akasema milioni mbili na nusu, eti wazungu wanapenda upande huu. Hati hata hakuiuliza.

Mthamini ana ofisi Malindi mjini. Tulimwomba cheti cha mwaka huu cha Bodi ya Usajili wa Wathamini, akakitoa bila kununa. Naye akataka nakala ya hati, sachi mpya (karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mwenye kiwanja) na ramani. Hapo tu hesabu ya dalali ikaanza kumomonyoka, maana yeye alipiga bei ya robo eka. Hati inasema hekta 0.093, yaani futi 100 kwa 100. Robo eka kamili ni futi za mraba 10,890. Pwani nzima mia kwa mia inaitwa robo, na zile 890 mnunuzi anazilipia bila kuziona.

Kiwanjani alitafuta bikoni kwanza, zile alama za mipaka. Ya nne ilifukuliwa kwa jembe, imefunikwa na mchanga. Akapima njia: ramani inaonyesha mita sita, lakini ua wa makuti wa jirani umeimega hadi lori la mawe halipiti. Akaenda kisimani kwa jirani, akaomba ndoo, akaonja. "Chumvi, mama. Atakayejenga hapa atanunua maji ya kuchanganyia saruji." Akaandika. Kisha akauliza minazi inaanguliwa na nani. Swali zuri sana hilo, kwa sababu huku kwetu udongo unaweza kuwa wa fulani na minazi ya mwingine, kama zilivyo nyumba zisizo na ardhi. Ni yetu, alhamdulillahi.

Sasa lawama. Ripoti ilichelewa mpaka nikawa namsumbua kwa simu. Ilipofika, viwanja vya kulinganishia bei vilikuwa vitatu: viwili vya Mambrui, kimoja cha Casuarina. Casuarina! Ng'ambo ya mto Sabaki, kusini ya mji wa Malindi, kwenye majumba ya Waitaliano. Nikamuuliza kimefikaje humu. Akajitetea kwamba mauzo yenye karatasi Mambrui ni haba, na hilo ni kweli, watu wengi wanauziana kwa mzee wa mtaa. Lakini basi angepekua zaidi. Alitafuta kingine cha Mambrui, akakitoa kile cha Casuarina, na thamani ikashuka kutoka milioni 1.7 hadi 1.4. Mimi ndiye ninayelipwa fungu, nilikuwa najipunguzia, lakini afadhali tarakimu ambayo kaka hataipinga kesho.

Mwishoni mwa ripoti zipo thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka. Kaka akaishikilia ile ndogo. Nikamwambia hiyo ni ya benki inayopiga mnada kurudisha pesa zake, sisi hatumpigi baba mnada. Mthamini akaniunga mkono palepale kwenye simu, na hapo alinifurahisha kuliko siku zote.

Ada ilikuwa shilingi 25,000, nusu mwanzo, nusu wakati wa kuchukua ripoti. Risiti mpaka uidai. Ofisi iko ghorofani na ngazi ni nyembamba, kwa hiyo mwenye mzazi wa magoti kama mama yetu amwambie mthamini ashuke na karatasi za kutia sahihi. Wetu alishuka.