Mwalimu wa gitaa la besi Malindi, vidole vina malengelenge lakini narudi

Jamani mi nimezoea benga na taarab, nikadhani besi ya jazi ni uchawi, kumbe wahesabu noti nne kila baa (kipande cha mapigo manne), moja kila pigo, waanza na noti mama, yaani ya msingi, ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si ile ya nyumba lol), wapita ya tatu na ya tano ukihesabu toka hiyo mama, halafu ya mwisho waiweka nusu hatua (freti moja) chini au juu ya noti mama ya kodi inayokuja, basi besi yatembea yenyewe! Mwalimu hakuachi ushike gitaa mpaka uimbe kwanza, mie nilinuna, sasa nashukuru. Ila chumba joto kweli, feni bovu, na nyuzi zashika kutu na hii hewa ya chumvi, beba zako.