Konvata ya AV kwenda HDMI: uzoefu wangu na deki ya zamani kwenye flat skrini

Jamani kama bado una deki ya video na kanda za VHS za harusi au za wazee waliotangulia, usizitupe kisa tivii mpya haina yale matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Mimi natumia konvata ya AV kwenda HDMI, kile kiboksi kidogo kinachogeuza picha na sauti ya nyaya hizo za rangi tatu (AV) iingie kwenye tundu la HDMI la tivii mpya, na kwa kuangalia tu kinatosha kabisa. Ila soma maandishi yake vizuri kabla ya kununua, maana kuna kingine kinafanana nacho ila kinafanya kinyume, kinatoa HDMI kupeleka AV, hicho hakitakusaidia.

Kwanza chungulia nyuma ya tivii, baadhi zina katundu kadogo kama ka earphone kameandikwa AV, hapo konvata ya nini? Tafuta tu waya wa pini moja huku na rangi tatu kule, ila uwe wa tivii hiyo hiyo kwa sababu kampuni hazipangi pini sawa, wa tivii nyingine unaweza kukupa sauti bila picha.

Sasa ubora. Kwenye kiboksi wameandika 1080p, yaani picha kali ya HD kamili, na hapo ndo pananiudhi kwa kweli, VHS yenyewe ukali wake ni kama mistari 240 tu, hakuna kiboksi kinachoongeza kitu ambacho hakimo kwenye kanda, kinaikuza tu picha basi, kwa hiyo kwenye skrini kubwa sura zina ukungu. Halafu konvata inavuta picha ya 4:3 (umbo la tivii za zamani) ijae 16:9 (umbo la skrini pana za sasa), watu wote wanakuwa wanene, ingia menyu ya tivii uweke 4:3, kuna tivii zinakataa. Kama kiboksi chako kina swichi ya PAL/NTSC, ile mifumo miwili ya video, nayo ijaribu kote kote. Umeme nachukua kwenye chaji ya simu, USB za baadhi ya tivii hazitoshi.

Kanda chakavu ndo mtihani. Mawimbi yake yanayumba, tivii za zamani za kioo zilivumilia lakini hizi mpya zinakata picha ghafla inabaki bluu au nyeusi. Rekebisha tracking (jinsi deki inavyofuata mistari ya kanda), safisha hedi ya deki inayosoma kanda, mara nyingi inarudi. Na deki itunze sana, Funai ya Japani iliacha kuzitengeneza 2016 na ndo ilikuwa ya mwisho.

Kwa kuhamishia kanda kwenye kompyuta siishauri konvata hii, hapo tafuta kifaa chenye TBC cha kutuliza picha.